Shule mpya ya msingi na darasa la awali mtaani kwenu: mwanzo hadi mtoto wa kwanza kukaa darasani

Simama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye kituo chochote cha daladala pembezoni mwa Dar es Salaam, utawaona. Mtoto wa miaka mitano ameshikwa mkono na dada yake wa darasa la nne, begi linamgonga magotini, wanasubiri magari yapungue wavuke lami. Shule yao iko ng'ambo ya barabara na bado mbele. Watu walinunua viwanja, wakajenga, wakahamia, wakazaa. Eneo la shule hakuna aliyelikumbuka.

Nimekaa kwenye kamati ya ujenzi wa shule ya mtaa mara mbili. Shule ya kwanza ilifia kwenye msingi, na mpaka leo majani yameota katikati ya zile kozi tatu za tofali. Ya pili ina watoto. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwenye hizo mbili, na mengi yametoka kwenye ile iliyokufa.

Mwongozo huu ni wa wakazi wa mtaa wa Tanzania wanaotaka shule ya msingi ya serikali yenye darasa la awali, kwa nguvu zao pamoja na halmashauri. Anayetaka kujenga shule binafsi atanufaika na sehemu za ardhi, tofali na choo, lakini njia yake ya vibali ni nyingine: yeye lazima athibitishwe kwanza kuwa mwenye shule na awe na meneja wa shule anayetambulika. Ninawaomba jambo moja tangu mwanzo. Kila uamuzi, upimeni kwa mtoto wa miaka mitano. Mkubwa wa darasa la sita anaweza kuvuka barabara, akabeba ndoo, akavumilia choo kibovu mpaka kirekebishwe. Mdogo hawezi hata kimoja.

1. Wahesabuni watoto kabla ya kuitisha mkutano

Maneno "watoto ni wengi" hayajawahi kupata fedha popote. Wagawieni wajumbe wa nyumba kumi daftari, wapite mlango kwa mlango, waandike watoto wa kila nyumba kwa umri: chini ya mwaka mmoja, mmoja, miwili, hivyo hivyo hadi kumi na mbili. Msiridhike na takwimu za Sensa ya 2022 peke yake. Mtaa unaokua huongeza nyumba kila mwezi.

Safu muhimu kwenye daftari hilo ni ya watoto wa miaka miwili na mitatu. Hao ndio watakaokaa kwenye chumba chenu cha awali siku kitakapokamilika. Andikeni pia kila mtoto anasoma wapi na huenda kwa usafiri gani: kwa miguu, kwa bodaboda, kwa daladala. Tulipofanya hivyo mtaani kwetu tuligundua watoto wa umri wa awali waliokuwa nyumbani tu, kwa sababu mama zao hawana wa kuwapeleka. Ukurasa ule ndio uliomfanya diwani asimame kututetea.

2. Ardhi, kisha ardhi, kisha karatasi ya ardhi

Hapa ndipo shule nyingi za wananchi hufia, na ndipo ya kwetu ya kwanza ilipofia. Mzee mmoja mkarimu alitupa ekari mbili. Alisimama mbele ya mkutano, akanyoosha mkono, akasema kuanzia mkorosho ule hadi mfereji ule ni mali ya watoto. Tulipiga makofi, wengine walitoa machozi. Hakuna aliyeandika kitu. Mzee akafariki, Mungu amrehemu. Kabla hatujamaliza arobaini, wanawe walikuja na wao wakanyoosha mkono, upande mwingine. Siwalaumu. Wao walikuwa na karatasi ya baba yao, sisi tulikuwa na kumbukumbu ya makofi.

Kwa hiyo fuateni mpangilio huu, na msiurukeruke.

Anzeni ofisi ya ardhi ya halmashauri, kwa afisa mipango miji. Ulizeni kama mtaa wenu una mchoro wa mipango miji au ulipitiwa na urasimishaji, yaani kupimwa na kuhalalishwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Mara nyingine eneo la shule limeshatengwa kwenye mchoro, na watu wamekuwa wakilima mchicha juu yake bila kujua. Likiwepo, kazi yenu ni kulilinda: ombeni mawe ya mipaka yahakikiwe na mpimaji, kisha pandeni miti au michongoma kuzunguka kabla hajatokea mtu wa kuuziwa kipande.

Kama halipo, litafuteni. Linaweza kununuliwa na wananchi, kutolewa na mtu, au kutwaliwa na serikali kwa fidia. Likitolewa bure, mtoaji asaini hati ya kutoa ardhi mbele ya mwanasheria au hakimu, mwenzi wake asaini, watoto wake wakubwa wasaini kama mashahidi, na mtendaji wa mtaa agonge muhuri. Usaini wa mke au mume usiuchukulie wepesi, maana ardhi ya familia haiwezi kutolewa na mmoja mwingine akiwa hajui. Baada ya hapo eneo lipimwe na kumilikishwa kwa jina la halmashauri. Lisiwe jina la mwenyekiti, wala la kamati, wala la msikiti au kanisa lililochangisha.

Kabla ya kusaini chochote, nendeni mkalione eneo wakati wa masika. Kiwanja kikavu cha Agosti hakisemi ukweli. Mtafuteni bibi aliyeishi jirani miaka mingi, mwulizeni maji ya mvua kubwa husimama wapi na hupita wapi. Hakikisheni eneo haliko chini ya nyaya za umeme mkubwa, haliko ndani ya hifadhi ya barabara, na liko nje ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inavyotaka. Halafu tembeeni kwa miguu kutoka nyumba za mbali za mtaa hadi pale, mkiwa na mtoto wa miaka mitano, kwa mwendo wake. Akilazimika kuvuka barabara kuu au korongo, hamjatatua tatizo lililowakutanisha.

3. Njia ya muhtasari

Shule ya serikali hujengwa kwa mihtasari ya vikao kabla ya tofali. Mkutano mkuu wa mtaa ukae, upitishe azimio la kujenga, na orodha ya waliohudhuria iambatishwe na saini zao. Muhtasari huo uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na Afisa Elimu Kata yupo. Kata ikipitisha, uende kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa Afisa Elimu wa Msingi. Ombi lenu liwe na kurasa nne tu zenye nguvu: hesabu ya watoto, karatasi za ardhi, muhtasari, na maelezo ya kile wananchi watakachotoa.

Zingatieni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi likifika Mei, mmechelewa mwaka mzima. Likifika Oktoba au Novemba, lina nafasi ya kuingia kwenye mpango wa kata wakati bado unapikwa.

Kila barua ipelekeni mikononi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, muitunze kwenye faili. Barua yetu moja ilipotea kwenye masjala ya ofisi fulani kwa miezi minne. Iliyotuokoa ni nakala yenye muhuri na tarehe.

4. Nini kijengwe kwanza

Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na mbele yake kuna mwaka wa awali. Shule ya mkondo mmoja, yaani chumba kimoja kwa kila darasa, basi inahitaji vyumba saba: kimoja cha awali na sita vya msingi. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja katika msingi, na 25 kwa mwalimu mmoja katika awali. Juu ya hapo kuna ofisi ya walimu, stoo, vyoo, maji, na ikiwezekana nyumba ya mwalimu.

Msijaribu kujenga vyote kwa pamoja. Nimeona mitaa iliyochimba misingi ya vyumba saba kwa shangwe, fedha ikaisha kwenye jamvi (sakafu ya zege), na watoto wakaendelea kuvuka barabara miaka mitano. Jengeni vyumba vitatu vikamilike hadi rangi na mlango: awali, la kwanza na la pili. Jengeni na vyoo vyao. Hapo mnaweza kuomba kufunguliwa shule shikizi, yaani shule ndogo inayolelewa na shule mama ya jirani mpaka itimize masharti ya kujitegemea. Wadogo wanabaki mtaani, wakubwa wanaendelea kutembea kwenda shule mama kwa muda, na kila mwaka mnaongeza chumba darasa likipanda.

Njia hii serikali inaijua vizuri. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipojenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Baadaye BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, ulijenga shule za msingi mpya nzima, na shule ya mikondo miwili ilipelekewa zaidi ya milioni 500. Fedha hizo hufuata mahali palipo na eneo lililopimwa na takwimu zilizo tayari. Mtaa wenye maboma (kuta zisizopauliwa) yaliyofika lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) nao huwa na hoja nzuri ya kuombea fedha za ukamilishaji.

Ramani msichore wenyewe wala msimpe fundi achore. Chukueni ramani za TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia halmashauri, kwa mhandisi wa halmashauri, na yeye aje apange majengo kwenye kiwanja kizima, pamoja na vyumba vya miaka kumi ijayo na uwanja wa mpira. Sisi tulikaribia kuweka tangi la maji mahali ambapo sasa pana darasa la nne.

5. Fedha na kamati

Tangu Januari 2016 elimumsingi ya serikali haina ada, na mchango wa mzazi ni wa hiari. Hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa tofali, na hakuna mwalimu wa kushika fedha ya mchango. Fedha ziingie kwenye akaunti inayojulikana kwa utaratibu wa halmashauri, na kila mtu apewe stakabadhi hata akitoa elfu moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bandikeni mapato na matumizi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa kila mwisho wa mwezi, kwa mwandiko mkubwa. Mtaani kwetu michango iliongezeka baada ya karatasi ya kwanza kubandikwa, si kabla.

Asiye na fedha ana kitu kingine. Tripu ya mchanga, siku mbili za kuchimba msingi, kupika chakula cha mafundi, kulinda saruji usiku: vyote vithaminiwe kwa shilingi na viandikwe, maana halmashauri ikiuliza nguvu za wananchi ni kiasi gani, hicho ndicho kitabu cha kuonyesha. Mfuko wa Jimbo, wa fedha za maendeleo ya jimbo la mbunge, nao uombwe kwa barua, mapema, ukitaja kitu mahususi kama bati za chumba kimoja.

Fedha ya serikali ikija kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, mtaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya kupokea vifaa. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Anayenunua asiwe anayepokea, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Manunuzi ya umma sasa hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, kwa hiyo fundi na muuza vifaa mnaowategemea wajisajili mapema. Tuliwahi kusimama wiki tatu tukimsubiri fundi mzuri amalize kujisajili.

Kwenye kamati ya kupokea vifaa wekeni wanawake wanaoshinda mtaani. Lori la mchanga huja saa nane mchana, wakati wanaume wengi wako kazini, na dereva akikuta hakuna mtu atamwaga nusu tripu na kuondoka na saini ya mtoto.

6. Tofali na zege

Anzeni kuchimba Juni, masika yakiwa yameisha, ili mpaue kabla ya vuli ya Oktoba. Ukifuata hivyo chumba kinakuwa tayari Januari shule zinapofungua.

Mchanga kwanza. Uchukue kiganjani, ukaze ngumi, ufungue. Ukikuachia tope kiganjani una udongo mwingi. Au tia mchanga nusu chupa ya maji inayoonekana ndani, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na tope litajipanga juu yake kama krimu. Tabaka hilo likiwa nene, rudisheni lori, hata kama mwenye lori ni mjomba wa mwenyekiti.

Tofali fyatueni wenyewe pale pale kiwanjani, maana za kununua hamjui zimeliwa saruji kiasi gani. Mita moja ya mraba ya ukuta hula tofali kama kumi za inchi sita. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, sisi tulikataa kuzidi tofali 35. Fundi mmoja alituahidi 50 na akatuonyesha nzuri kweli kwa macho, zimenyooka, zina rangi. Mama mmoja wa kamati akaiokota moja, akaikwaruza kwa msumari. Ikamwagika kama chapati ya jana. Akaiachia kutoka usawa wa kifua, ikawa vipande vinne. Yule fundi tulimlipa siku yake, tukaagana.

Baada ya kufyatua, kaeni na maji. Tofali hunyweshwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, zikiwa kivulini au zimefunikwa kwa majani ya mnazi au maturubai. Hapa ndipo mtaa una nguvu kuliko mkandarasi yeyote, kwa kuwa watu wapo. Sisi tuligawana zamu kwa nyumba, ndoo nne kila nyumba. Tofali iliyokauka haraka juani haipati nguvu yake hata ungeilisha saruji yote ya duka.

Kwenye zege, kipimo ni ndoo, si koleo. Uwiano wa kawaida ni saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, isipokuwa mhandisi ameagiza vingine. Koleo la asubuhi na koleo la saa tisa la kibarua aliyechoka si kipimo kimoja. Na maji ya zege yapimwe pia. Vijana hupenda zege jepesi kama uji kwa sababu linamwagika bila kusukumwa, lakini maji yanayozidi yakikauka huacha vijitundu, na vijitundu hivyo ndivyo nyufa za mwaka kesho. Zege la jamvi na la lenta nalo linyweshwe siku saba. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku 28, kwa hiyo msiwe na haraka ya kung'oa mbao za lenta kwa sababu mwenye mbao anazidai.

Mhandisi wa halmashauri lazima aje mara tatu: mtaro wa msingi ukiwa umechimbwa na haujamwagwa, nondo za lenta zikiwa zimesukwa na hazijafunikwa, na kenchi (fremu za mbao za paa) zikiwa zimesimama bila bati. Hizo ndizo saa ambazo kosa bado linaonekana. Mpigieni siku tano kabla, mtumieni na gari kama hana, asaini kitabu cha wageni na aandike alichokikuta.

Paa nitalipita haraka. Mbao ziwe zimekauka na zimetiwa dawa ya mchwa, bati ziwe za geji iliyo kwenye mchoro, misumari iwe ya bati yenye kofia. Kitu kimoja tu nisisitize: kenchi zifungwe kwenye lenta kwa vipande vya nondo au chuma kilichoachwa ndani ya zege tangu siku ya kumwaga. Shule zinazoezuliwa na upepo kila mwaka, mara nyingi kenchi zimekalishwa tu juu ya ukuta na kugongewa misumari miwili.

7. Choo na maji

Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 270 wa msingi, nusu kwa nusu, inahitaji matundu saba ya wasichana na sita ya wavulana. Ongezeni ya walimu, tundu moja pana lenye mtelezo na vishikizo kwa mtoto mwenye ulemavu, na chumba cha wasichana wakubwa kujistiri chenye maji, kioo na ndoo yenye mfuniko. Chimbeni vyoo pamoja na msingi wa darasa la kwanza. Kikiachwa mwisho, fedha huwa imeisha, na chumba kizuri kisicho na choo hakifunguliwi.

Choo cha awali kiwe peke yake. Hili tulijifunza kwa aibu. Tulipofungua, watoto wa awali walipewa matundu mawili kwenye choo cha wakubwa. Baada ya wiki mwalimu alituita, akatuonyesha nyuma ya darasa lake: walikuwa wanajisaidia kwenye majani. Nilimwuliza mtoto mmoja kwa nini haendi chooni. Akanishika kidole, akanipeleka mpaka mlangoni, akaninyooshea lile tundu ndani ya giza. Hakusema neno. Nikachuchumaa nikawa na urefu wake, nikaona anachokiona: shimo jeusi pana kuliko mapaja yake, na mlango mzito ambao ukijifunga hafikii komeo.

Tukajenga vingine. Tundu dogo, ukuta mfupi ambao mwalimu anaona vichwa juu yake, mwanga kutoka juu, rangi nyeupe, mlango usio na komeo la ndani, hatua chache kutoka darasani bila kupita uwanja wa wakubwa. Kabla ya kumwaga zege la sakafu mwiteni mtoto wa jirani achuchumae pale, fundi apime.

Koki za kunawia vivyo hivyo. Za wakubwa ziweke usawa wa kiuno cha mtu mzima, lakini za awali zisizidi nusu mita hivi kutoka chini. Koki yetu ya kwanza watoto waliipandia tofali, mmoja akaanguka akapasuka mdomo. Maji yenyewe: ombeni kuunganishwa na mamlaka ya maji mapema, lakini wekeni gata kwenye paa lote na simtanki juu ya msingi imara. Mvua ya vuli moja hujaza matangi ambayo bomba la mtaa halijazi kwa wiki.

8. Chumba cha awali

Wengi huchukua chumba kilichobaki, wakaweka madawati ya darasa la tatu, wakakiita awali. Mtoto anakaa miguu ikining'inia, kidevu kiko usawa wa meza. Hawezi kushika kalamu sawasawa hivyo.

Ubao ushushwe mpaka mtoto aufikie. Madirisha yaanze chini kuliko ya madarasa mengine, yawe na nondo za karibu karibu. Viti na meza ndogo atazitengeneza fundi seremala wa mtaani, mkimpa mtoto wa kupimia. Acheni nusu ya chumba wazi, na mkeka, kwa hadithi na michezo. Rafu za vitu vya kujifunzia ziwe za kufikiwa na mtoto: vizibo, vijiti, mbegu, maboksi, udongo wa mfinyanzi. Nje pawe na bembea, matairi yaliyofukiwa nusu, mchanga safi na kivuli, ndani ya uzio wao mdogo karibu na geti, ili mama anayemleta asipite katikati ya shule.

Na jiko la uji lipangwe mapema, mbali na mchezo. Mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi, saa nne huwa amelala mezani.

Watu wataleta watoto wa miaka mitatu. Hao hawaingii darasa la awali. Wanahitaji kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho usajili wake uko upande wa ustawi wa jamii. Kama wazazi ni wengi, zungumzeni na afisa ustawi wa jamii wa kata, lakini msiwachanganye kwenye chumba cha mwalimu mwenye watoto 25.

9. Usajili, walimu, na siku ya kufungua

Chumba cha kwanza kikifika lenta, mtendaji na Afisa Elimu Kata waanze maombi ya usajili. Wadhibiti ubora wa shule watakuja kukagua: eneo, vyumba, vyoo, maji, madawati, usalama. Waombeni waje mara moja kwa ushauri kabla ya ukaguzi wenyewe. Wa kwetu walitukubalia, wakatuambia tuongeze mtelezo kwenye mlango wa awali, kazi ya siku moja. Shule ya msingi ikisajiliwa hupewa namba inayoanza na EM. Bila usajili haitambuliwi kama shule inayojitegemea, na walimu na ruzuku hupitia kwa shule mama. Kwa hiyo mkikaa shikizi, kubalianeni kwa maandishi na mwalimu mkuu wa shule mama nani anapanga walimu na vitabu vingapi vinakuja kwenu.

Mwalimu wa awali aombwe kwa jina la kazi hiyo, aliyesomea awali, na ombi liende mapema. Mtafutieni nyumba ya kupanga ya karibu na yenye maji. Mwalimu wetu wa kwanza alitoka mbali kwa daladala mbili, akachoka, akaomba uhamisho Mei.

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufanyika mwishoni mwa mwaka. Daftari lenu la nyumba kumi litoeni tena, mpite nyumba zile zile, mwulize kwa majina. Mtoto mwenye ulemavu aliyefichwa ndani mtamkuta kwenye mzunguko huu, na mzazi wake ataamini zaidi akiambiwa na jirani kuliko na tangazo la spika.

10. Masika ya kwanza

Shule ikifunguliwa kamati ya ujenzi isivunjwe. Kamati ya shule itaundwa, lakini nyinyi mliomwaga zege mbaki hadi mvua kubwa za kwanza zipite. Mvua ikinyesha, nendeni na mwamvuli mkatazame maji yanasimama wapi, gata ipi inavuja, msingi gani umelika udongo, shimo la choo limepanda kiasi gani. Pandeni miarobaini upande wa magharibi wa madarasa wiki hiyo hiyo, ardhi ikiwa bado laini, mbali na ukuta ili mizizi isisumbue msingi. Kila mti mpeni mtoto mmoja wa awali wa kuumwagilia, kwa kopo dogo la kilo moja, maana ndoo haiwezi.